Moli Katika Chupa ya Dripu: Kemia kwa Mwanafunzi Mtu Mzima

Wapo wahudumu wa afya wanaorejea kwenye kemia ya sekondari wakiwa watu wazima, ili wapate sifa za kujiunga na chuo. Aghalabu kinachowakwamisha ni moli. Hali kadhalika, ni kipimo ambacho wamekuwa wakikishika mikononi kila siku bila kukitambua.

Tuitazame dripu ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Kila lita ina gramu 9 za chumvi, yaani kloraidi ya sodiamu. Uzito wa atomu ya sodiamu ni 23, na wa klorini ni 35.5, kwa hiyo moli moja ya chumvi hiyo ina gramu 58.5. Ukigawanya 9 kwa 58.5 utapata takriban moli 0.154, yaani milimoli 154 katika kila lita.

Hesabu hii haiishii katika mtihani. Kloraidi ya potasiamu nayo hupimwa kwa milimoli, na nukta ya desimali ikiwekwa pasipo mahali pake, moyo wa mgonjwa waweza kusimama. Basi mwanafunzi na aanze na chupa anayoijua, ndipo afungue kitabu.