Mwembe wa Urithi: Tugawane Matunda, Tusigawane Miaka

Katika nyumba nyingi za Pwani, mirathi haikosi mti. Marehemu huacha nyumba na kiwanja, na nyuma yake mwembe mmoja mkubwa ambao haugawanyiki. Warithi hukaa wakakubaliana: mwaka huu matunda ni ya kaka, mwaka ujao ni ya dada. Neno hilo huonekana la haki, na kikao huvunjika kwa dua. Miaka ikipita, jambo hudhihiri. Mwaka wa kaka matawi huinama kwa uzito. Mwaka wa dada mti husimama na majani matupu. Hapo maneno huanza: pana jicho, pana hasadi, fulani ameufanyia mti. Dada hunyamaza, lakini moyoni hufunga fundo, na udugu hulegea.

Hatukanushi kuwa jicho lipo, kwani limethibiti katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Lakini si haki kumtuhumu mtu kabla ya kuzitazama sababu ambazo Mwenyezi Mungu ameziweka ndani ya mti wenyewe.

Kuzaa mwaka na kupumzika mwaka si tabia ya mwembe peke yake. Mzeituni, mtofaa wa nchi za baridi, na baadhi ya michungwa na miparachichi hufanya hivyo. Wataalamu wa mimea, ili waufahamu mwenendo huu, hutunga kielelezo cha hesabu, yaani mfano wa mti ulioandikwa kwa nambari. Ndani yake huingiza yale yanayousukuma mti kuchanua na yale yanayouzuia, kisha hutazama iwapo mfano huo unatabiri yanayotokea shambani. Tuufananishe na mizani ya dukani: sahani moja ina visukumizi, ya pili ina vizuizi, na ncha ya kila kitawi hungoja mizani iinamie wapi ndipo itoe ua au jani.

Katika sahani ya kwanza limo jani. Katika miaka ya 1930, Mikhail Chailakhyan, mwanasayansi wa Umoja wa Kisovieti, alisema kuwa jani ndilo linalotuma ujumbe wa kuchanua hadi kwenye ncha, na ujumbe huo akauita florijeni. Ilichukua miaka yapata sabini kuupata. Mwaka 2007 ndipo tafiti zilipoonyesha kuwa ni protini inayosafiri kutoka kwenye jani.

Katika sahani ya pili limo tunda lenyewe. Mwaka 1967 watafiti Chan na Cain walieleza habari za mtofaa wa aina ya Spencer Seedless, ambao huweza kuzaa matunda yasiyo na mbegu. Matunda yasipokuwa na mbegu, maua ya mwaka uliofuata yalikuja. Maua yalipochavushwa na matunda yakapata mbegu, maua ya mwaka uliofuata yalizuilika. Mbegu changa zina wingi wa giberelini, nayo ni homoni inayozuia maua katika miti mingi ya matunda. Tunda la mwaka huu, basi, lina kauli juu ya ua la mwaka ujao.

Ama mwembe, kielelezo cha Thomas Davenport wa Chuo Kikuu cha Florida kinatilia mkazo mambo mawili: baridi na umri wa chipukizi. Penye majira ya baridi, ubaridi ndio unaouelekeza mti kwenye maua. Katika nchi za joto, mfano wa Pwani yetu, ambako kipupwe ni chepesi, umri ndio wenye uzito zaidi. Chipukizi lisilotimiza yapata miezi minne au mitano, likiamka, aghalabu hutoa majani tu. Ndiyo sababu wakati wa kusi tunaweza kuona mwembe mmoja umechanua upande mmoja, na upande wa pili umejaa majani mekundu machanga.

Sasa tuikusanye hesabu. Mwaka wa neema mti hutumia akiba yake ya wanga na sukari kuyalisha matunda. Vitawi vilivyobeba huchelewa kuchipua baada ya mavuno, na msimu wa maua ukifika chipukizi zake bado ni changa. Mti hupumzika. Katika mapumziko hayo akiba hujaa, chipukizi hukomaa kwa pamoja, na mwaka unaofuata mti huchanua mwili mzima. Duru hiyo ikishaanza, hujiendesha yenyewe. Zamu ya kaka na dada ni ya miaka miwili, na duru ya mti ni ya miaka miwili vilevile. Zikilingana, mmoja hupata miaka yote ya neema na mwenzake hupata miaka yote ya mapumziko, wala hakuna aliyemwendea mwenzake kwa mganga.

Yako ya kuusaidia mti. Katika miaka ya 1970, Ramon Barba wa Ufilipino alionyesha kuwa kunyunyizia majani maji yenye chumvi iitwayo naitreti ya potasiamu huweza kuuchanua mwembe. Lakini dawa hiyo huamsha chipukizi lililokwisha komaa; chipukizi changa haliwezi kulilazimisha.

Linalotustaajabisha ni kuwa mafakihi wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii walilitazama jambo hili karne nyingi kabla ya vielelezo hivi. Walipozungumzia muhayaa, yaani kugawana manufaa kwa zamu, waliijuzisha katika mfano wa kukaa nyumba. Ama matunda ya mti, mwaka wa huyu na mwaka wa yule, waliizuia, kwa kuwa kiasi chake hakijulikani na ndani yake mna mlango wa riba. Hekima hiyo tunaiona pia katika katazo la Mtume (s.a.w.), lililopokewa na Jabir bin Abdillahi, la kuuza mavuno ya miaka ijayo, na katika lile lililopokewa na Ibn Umar, la kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake. Mama mjane anayeletewa fedha leo kwa maembe ya miaka mitatu ijayo anauza asichokiona, na mnunuzi naye ananunua asichokijua.

Basi tunanasihi hivi. Kila mwaka, matunda yawe mengi au machache, yahesabiwe mbele ya warithi wote, kila mmoja achukue kwa fungu lake la sheria. Au yauzwe yakishakomaa na fedha zigawanywe vivyo hivyo, dada zetu wakiwapo na iandikwe. Gharama za kuutunza mti nazo zifuate mafungu hayo.

Na mti upewe haki yake. Mkishavuna, pogoeni mapema ncha zilizobeba na tieni samadi, ili chipukizi lizaliwe na mvua za masika na liwe limekomaa kufikia Agosti au Septemba. Msipogoe msimu wa maua ukikaribia. Mwaka wa neema kubwa, punguzeni matunda yangali madogo. Yatakayobaki yatanenepa, na mwaka unaofuata hautakuwa mkavu mno.

Familia ambazo zamu zimekwisha pita kwa miaka mingi, kaeni mtazame nyuma. Ikiwa dada amekuwa akipokea miaka mikavu, kaka amridhishe leo, wangali hai wote wawili, kabla shauri hilo halijawa la watoto wao.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu na aziunganishe nyoyo za warithi. Wabillahi tawfiq.