Dinosaria mwenye jina la Kiswahili: «moyo wa mkia» kutoka bonde la Rukwa

Majina ya dinosaria mara nyingi hutungwa kwa Kigiriki au Kilatini. Lakini yuko mmoja ambaye msomaji wa Kalemie, Uvira au Goma anaelewa jina lake bila kutafsiriwa: Mnyamawamtuka moyowamkia.

Jina hilo lilitangazwa mwezi Februari 2019 katika jarida la sayansi PLOS ONE na watafiti Eric Gorscak na Patrick O'Connor, kutoka Marekani. Mtuka ni mto wa kusini magharibi mwa Tanzania, katika bonde la Rukwa, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wakati wa kiangazi hukauka. Mwaka wa 2004, mifupa ilionekana juu kwenye ukuta wa mwamba unaoelekea mto huo, na kazi ya kuichimbua iliendelea hadi mwaka wa 2008.

Mnyama huyo aliishi takriban miaka milioni 100 iliyopita. Ni wa kundi la titanosaura, wala majani wenye shingo na mkia mrefu. Baadhi ya mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo, ndiyo sababu akaitwa hivyo.

Titanosaura wengi wanajulikana kutoka Amerika Kusini, hasa Ajentina. Wa Afrika ni wachache, kwa hiyo kila mifupa inayopatikana inasaidia kueleza mwanzo wa kundi hilo. Katika bonde hilohilo, Rukwatitan alitangazwa mwaka wa 2014, na Shingopana, yaani «shingo pana», mwaka wa 2017.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Kati ya mwaka wa 1909 na 1913, Wajerumani walichimbua mifupa Tendaguru, kusini mwa Tanzania. Vibarua wenyeji waliibeba hadi bandari ya Lindi, ikapelekwa Berlin. Mwaka wa 1914, dinosaria mkubwa wa huko alipewa jina la kumheshimu Mjerumani, Wilhelm von Branca. Ni mwaka wa 2019 tu ambapo mkia mmoja wa Tendaguru uliitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, mmoja wa waliofanya kazi ya uchimbaji.

Kwa kanuni za sayansi, jina likishachapishwa halibadilishwi ovyo. Mtafiti wa China au Brazil akitaka kumtaja mnyama wa Mtuka, hana budi kuandika Kiswahili.