Kifo Kwenye Bango la Barabarani

Dereva anayetoka Mbeya kwenda Tunduma na mzigo wa Zambia au Kongo hahitaji kuhubiriwa kwamba binadamu ni wa kupita. Mlima Senjele, wilayani Mbozi, unatosha kumkumbusha. Lori likiteremka pale kwa kutegemea breki peke yake, msuguano huzipasha ngoma za breki joto hadi zikapoteza nguvu ya kushika. Ndiyo maana wazoefu huingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza. Na kwenye bodi za malori yenyewe mahubiri hayaishi: duniani tunapita, leo wewe kesho mimi. Je, mtu akikumbushwa kifo kila siku namna hiyo, anakuwa makini zaidi?

Jibu moja limetoka Texas, Marekani, na halipendezi. Kuanzia 2012, wiki moja katika kila mwezi, mabango ya umeme kwenye barabara kuu za jimbo hilo yalionyesha idadi ya waliokufa kwa ajali tangu mwaka uanze. Ratiba hiyo ikawapa watafiti Jonathan Hall na Joshua Madsen nafasi adimu ya kulinganisha barabara zile zile, wiki yenye idadi na wiki zisizo nayo. Mwaka 2022, katika jarida la Science, walieleza walichokuta: ndani ya kilomita 10 baada ya bango, ajali ziliongezeka kwa asilimia 4.5. Idadi ya vifo ilipokuwa kubwa, madhara nayo yalikuwa makubwa zaidi. Na penye barabara tata hali ilikuwa mbaya kuliko penye barabara rahisi. Kwa maelezo yao, habari nzito huikamata akili kwa muda, na muda huo huo ndio dereva anaohitaji kutazama gari la mbele.

Tusikimbilie kusema basi kifo kisitajwe. Kenya ilijaribu njia nyingine. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika stika ndani ya matatu, wakichagua magari kwa bahati nasibu. Jaribio lao kubwa, lililochapishwa 2015, lilihusisha magari 12,000. Baadhi ya stika zilikuwa na picha za kutisha, lakini ujumbe ulielekezwa kwa abiria: dereva akienda ovyo, mkemeeni. Madai ya bima yalipungua kwa kati ya robo na theluthi, na stika zilizowahimiza abiria kusema kwa pamoja zilifanya kazi vizuri zaidi. Tangazo la redio lililoandamana na mpango huo halikuonekana kubadili chochote.

Kwangu, tofauti ya Texas na Kenya iko hapo. Bango lilimpa hofu mtu mmoja ambaye mikono yake ilikuwa na kazi tayari. Stika iliwapa hofu abiria waliokaa bila kazi, kisha ikawaambia la kufanya.

Maabara nazo zinatufundisha tahadhari. Mwaka 1989 watafiti waliwaomba mahakimu 22 wa Tucson, Arizona, wapange dhamana ya mwanamke aliyeshtakiwa kwa ukahaba. Waliotangulia kuulizwa kuhusu kifo chao wenyewe walipanga wastani wa dola 455; wenzao, dola 50. Kumbukumbu ya kifo haikuwapa utulivu wala huruma, iliwaongezea ukali. Hata hivyo, maabara 21 ziliporudia pamoja jaribio jingine mashuhuri kuhusu athari za kuwaza kifo, matokeo hayakujitokeza. Anayekuahidi kwamba ukiwaza kaburi asubuhi utaishi vizuri jioni, mwombe ushahidi.

Wenyeji wa Mbozi wana desturi ya zamani kuliko utafiti wote huu. Wakristo wa Kanisa la Moravian, ambao misheni yao ya Mbozi ilifunguliwa 1899, husali makaburini alfajiri ya Pasaka, kama walivyoanza wenzao wa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Wanakwenda kwa pamoja, wanaimba, wanarudi nyumbani wakiwa bado na siku nzima mbele yao. Hakuna aliyeshika usukani.

Tunduma ina mahali pengine panapofaa kuwazia kifo, ingawa hapapendwi: foleni ya malori ya kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Kituo cha huduma kwa pamoja kilizinduliwa mpakani 2019, lakini foleni bado huota. Dereva aliyesimama saa nyingi anaweza kuwaza mauti bila kumgonga mtu, akaamua pia atakavyoteremka Senjele akirudi.

Ila stika ya Kenya haiwezi kuhamishiwa huku ilivyo. Lori halina abiria. Lina utingo, kijana anayetegemea dereva amfundishe kazi na amgawie posho, na ambaye akikemea leo, kesho anaweza kuachwa njiani. Ruhusa yake ya kusema itabidi itoke kwa mwenye gari, iandikwe wazi ndani ya kabini, na dereva awe ameisoma kabla ya kuwasha injini.