Mfalme alipoambiwa: chagua manzi au kiti

Ukipita Waiyaki Way na matatu ya Kangemi utaiona Nairobi School, ile shule ya majengo ya zamani na miti mingi. Enzi za mkoloni iliitwa Prince of Wales School. Jina hilo pengine umelisikia kwa mzee fulani aliyesoma huko na hakubali usahau. Lakini umewahi kujiuliza huyo Prince of Wales alikuwa msee gani?

Ilipofunguliwa mwaka 1931, aliyekuwa na cheo hicho ni Edward, kifungua mimba wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Jamaa alikuwa amekuja huku kwetu kuwinda mwaka 1928, akarudi tena 1930. Alikuwa kijana wa picha magazetini, mavazi makali, sherehe kila wiki. Na Januari hiyo ya 1931, kwenye nyumba ya rafiki huko Uingereza, akatambulishwa kwa mwanamke mmoja Mmarekani aliyelelewa Baltimore. Wallis Simpson. Mke wa mtu.

Wallis alikuwa ameshaolewa mara mbili. Mume wa kwanza, rubani wa jeshi la majini la Marekani, waliachana mwaka 1927. Wa pili, Ernest Simpson, alikuwa bado yupo nyumbani. Edward akapenda hapo hapo pagumu, na hakupenda kidogo.

Tarehe 20 Januari 1936 babake akafariki na Edward akawa mfalme. Ana miaka 41, hana mke. Wewe mwenye miaka 26 ambaye shangazi zako wanakuuliza kila Krismasi utawaletea mtu lini, jaribu kufikiria nchi nzima ikiwa ndiyo shangazi.

Sasa hapa ndipo watu wengi huisimulia hii stori vibaya. Wanasema sheria ilimkataza kumwoa mwanamke aliyepewa talaka. La hasha. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo usitarajie mhadhara, lakini hili nimelisoma mara kadhaa kwa sababu mwanzoni sikuamini. Sheria ya mwaka 1701 ilimzuia mfalme kuoa Mkatoliki. Kuhusu mwanamke aliyeachika, haikusema kitu. Angeamka asubuhi, aoe, na ndoa iwe halali kabisa.

Kilichomshika ni kitu kingine. Uingereza haina katiba iliyoandikwa kwenye kitabu kimoja kama yetu ya 2010. Ina sheria huku na kule, na katikati yake kuna desturi ambazo kila mtu mkubwa anazijua. Desturi kubwa kuliko zote ni kwamba mfalme hufuata ushauri wa mawaziri wake. Yeye anatia sahihi, wao ndio wanaoendesha nchi, kwa sababu wao wamechaguliwa na yeye hakuchaguliwa na mtu.

Tarehe 27 Oktoba 1936, mahakama ya mji mdogo wa Ipswich ikakubali ombi la Wallis la kuachana na Bwana Simpson. Talaka ingekamilika baada ya miezi sita. Piga hesabu: sherehe ya kumvika Edward taji ilikuwa imepangwa tarehe 12 Mei 1937. Talaka ingeiva siku chache tu kabla. Waziri Mkuu Stanley Baldwin naye alijua kuhesabu.

Novemba 16 Edward akamwita Baldwin, akamwambia waziwazi kwamba anataka kumwoa Wallis. Baldwin akamjibu kwamba watu hawatamkubali huyo kuwa malkia. Mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la Uingereza, na kanisa hilo wakati huo halikufungisha ndoa ya mtu ambaye mwenzake wa kwanza bado yu hai. Wallis alikuwa nao wawili, wote wazima wa afya.

Edward akaja na wazo la katikati: nimwoe, lakini asiwe malkia. Awe mke wangu tu, na watoto wasirithi kiti. Kwa masikio yetu linasikika poa, sivyo? Tatizo ni kwamba kisheria mke wa mfalme ni malkia, basi. Kubadilisha hilo kulihitaji sheria mpya, na sheria hutungwa na bunge, na bungeni wenye wingi ni watu wa Baldwin. Isitoshe, tangu mwaka 1931 nchi kama Canada, Australia na Afrika Kusini, zilizokuwa chini ya taji hilo hilo, zilikuwa na haki ya kuulizwa jambo la urithi wa ufalme. Zikaulizwa. Hizo tatu zikakataa.

Basi Baldwin akamwachia njia tatu. Moja, achana na Wallis. Mbili, mwoe dhidi ya ushauri wetu, nasi tutajiuzulu sote. Tatu, uache ufalme.

Ile ya pili ndiyo iliyokuwa na sumu. Serikali ikijiuzulu, mfalme atafute mtu mwingine wa kuunda serikali. Atampata wapi? Clement Attlee, kiongozi wa upinzani, alikuwa upande wa Baldwin kwenye jambo hili. Ingebidi uchaguzi uitishwe, na swali la uchaguzi liwe moja: uko na mfalme au uko na mawaziri? Mfalme angegeuka mgombea. Huo ndio mgogoro wa kikatiba uliokuwa unaogopwa. Mapenzi yenyewe yalikuwa kiberiti tu.

Nina binamu yangu ambaye miaka kadhaa iliyopita alileta nyumbani mwanamke aliyekuwa ameolewa kabla. Kikao kikaitwa ushago, chai, mandazi, wazee kwenye viti vya plastiki. Nilikuwepo. Hakuna aliyemwambia binamu usioe. Mjomba wetu mkubwa alisema tu, “Wewe ni mtu mzima, oa. Lakini siku ya kwenda kwa wakwe usitutafute.” Kimya kikaingia. Unaenda ruracio na nani, wewe na konda wa matatu? Nikisoma juu ya Baldwin, ni sauti ya huyo mjomba ninayoisikia. Hakumkataza mfalme kitu. Alimwambia tu kwamba hatasimama naye.

Na wananchi je? Hawakujua! Hapa hata mimi nilichoka. Magazeti ya Marekani yalikuwa yameandika mambo ya hawa wawili kwa miezi, lakini ya Uingereza yalikubaliana kunyamaza. Majarida yaliyoingia kutoka nje yalikatwa kurasa kabla hayajafika kwa msomaji. Tarehe 1 Desemba askofu wa Bradford akasema kwenye hotuba kwamba mfalme anahitaji neema ya Mungu katika kazi yake. Magazeti yakachukulia kwamba anasemea Wallis, na kufikia Desemba 3 kila kitu kikawa nje. Kuanzia siku hiyo hadi mwisho wa mchezo ni siku nane tu.

Edward alitaka aongee na watu moja kwa moja redioni, awaeleze mapenzi yake, wao waamue. Leo angewasha simu aende laivu, na kabla ya saa sita usiku angekuwa na mashabiki milioni kumi. Mawaziri wakamkatalia: mfalme hawezi kuwaruka mawaziri wake akaongee na umma dhidi yao. Nakubali roho iliniuma kidogo kwa ajili yake. Halafu nikafikiria mtawala mwingine yeyote ambaye hakuchaguliwa, anaiponda serikali redioni ili apate anachotaka. Roho ikatulia.

Wallis alikuwa ameshakimbilia Cannes, kusini mwa Ufaransa, akiandamwa na waandishi. Tarehe 7 Desemba alitoa taarifa kwamba yuko tayari kujiondoa. Weka hilo akilini, kwa sababu kwa miaka mingi ni yeye aliyeitwa mchawi wa hii hadithi, manzi aliyeiba mfalme. Alijitolea kuondoka. Ni Edward aliyekataa.

Desemba 10 akatia sahihi, ndugu zake watatu wakiwa mashahidi. Kesho yake bunge likapitisha sheria, naye akawa amefalme siku 326, bila kuvikwa taji. Usiku huo ndipo aliporuhusiwa kuongea redioni, akiwa si mfalme tena. Na kwa kuwa kila nchi ilipitisha mambo kivyake, Afrika Kusini ilihesabu kwamba aliacha kiti tarehe 10, Uingereza tarehe 11, na Ireland tarehe 12. Taji moja, kalenda tatu. Ireland ilitumia nafasi hiyo kumfuta mfalme kwenye katiba yake ya ndani.

Walioana Ufaransa tarehe 3 Juni 1937. Hakuna hata mmoja wa familia ya kifalme aliyehudhuria, na Wallis akanyimwa kile cheo cha kuitwa Mtukufu ambacho mumewe alibaki nacho. Oktoba mwaka huo huo wakazuru Ujerumani na kupigwa picha na Hitler, na hapo huruma yangu ilipungua sana. Wakaishi Paris miaka mingi. Walidumu, hilo huwezi kuwanyang'anya: Edward alifariki 1972, Wallis 1986.

Kiti kilimwendea mdogo wake, ambaye hakukitaka, na baada yake binti wa huyo mdogo, aliyekuwa na miaka 10 wakati shangazi na mjomba wa taifa zima walipokuwa wakibishana. Binti huyo alikuwa Nyeri, Februari 1952, babake alipofariki usiku. Aliingia Treetops akiwa binti mfalme na akaondoka Kenya akiwa Malkia Elizabeth. Mwanawe Charles alimwoa Camilla, ambaye naye alikuwa na talaka na mume wa kwanza aliye hai, mwaka 2005. Tangu 2022 Camilla ni malkia.

Binamu yangu naye alimwoa yule mwanamke. Mjomba kweli hakuja. Siku hizi akitumwa kliniki Nairobi, hulala kwao Kayole, na ni huyo huyo mke anayempeleka asubuhi na kumshikia foleni.