Bima ya Mafuriko: Ya Serikali au ya Kampuni?



Nyumba ikishika moto, majirani huja mbio na ndoo za maji. Lakini adui akiwa ni maji yenyewe, jirani naye yumo katika taabu ile ile, na hakuna wa kumsaidia mwenzake. Tuliyaona hayo mwaka 1997 na 1998, wakati wa mvua za El Nino, na tukayaona tena mwaka 2024, mito ilipovunja kingo na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha yao katika Kenya. Wazee wanazo habari za mvua kubwa za mwaka 1961. Na watu wa Budalangi, kando ya Mto Nzoia, hawahitaji kuambiwa na gazeti mafuriko ni kitu gani.

Maji yakiisha kupungua, huja swali moja: nani atalipa? Mto waweza kuchukua ukuta, mabati, magunia ya mahindi na kitanda. Deni la shamba hauchukui. Deni hubaki pale pale, na tarehe ya kulipa hufika kama kawaida.

Katika nchi ya Marekani, wenye nyumba wanaweza kununua bima ya mafuriko kwa Serikali au kwa kampuni za watu binafsi. Wamekuwa na bima ya Serikali tangu mwaka 1968. Yafaa tutazame jinsi njia hizi mbili zilivyo, maana yaliyowapata wao yanatufundisha la kuuliza siku mtu wa bima atakapobisha hodi mlangoni mwako.

KWA NINI MAFURIKO SI KAMA MOTO

Kwanza tufanye hesabu ndogo. Fikiri kijiji chenye nyumba 100. Kila mwenye nyumba anatoa shilingi 1,000 kwa mwaka, na jumla ni shilingi 100,000. Nyumba moja ikiungua, na kuijenga upya ni shilingi 80,000, mfuko unalipa na bado zinabaki shilingi 20,000. Hiyo ndiyo bima: wengi hutoa kidogo, ili yule mmoja aliyepatwa asiangamie.

Sasa mto ufurike. Haubomoi nyumba moja, wabomoa 40 kwa usiku mmoja. Hasara ni shilingi 3,200,000, na katika mfuko zimo 100,000 tu. Tena liko jambo la pili. Wale wakaao mlimani watasema, “Sisi maji hayatufikii, kwa nini tutoe?” Watajitoa, na watakaobaki ni wale wa bondeni, ambao karibu wote watadai siku moja. Hapo mfuko hauwezi kusimama.

Kampuni za Marekani ziliyajua hayo kwa uchungu. Mwaka 1927 mto mkubwa wa Mississippi ulivunja kingo, na watu zaidi ya 600,000 wakahama makwao. Baada ya hapo kampuni karibu zote ziliacha kuuza bima ya mafuriko. Kwa miaka mingi mwenye nyumba aliweza kuikatia nyumba yake bima ya moto na ya wizi, lakini si ya mafuriko. Hata leo bima ya kawaida ya nyumba katika Marekani hailipi mafuriko, na wengi hugundua hivyo wakiwa tayari wamesimama ndani ya matope.

Mwezi wa Septemba 1965 tufani iliyoitwa Betsy ilipiga jimbo la Louisiana na kuleta hasara ya zaidi ya dola bilioni moja. Serikali ikaona kwamba kila mara itaombwa msaada, na kwamba ni afadhali watu waweke akiba yao mapema. Ndipo ikatungwa sheria ya mwaka 1968, na bima ya mafuriko ya Serikali ikaanzishwa. Sasa inasimamiwa na idara ya maafa iitwayo FEMA.

BIMA YA SERIKALI ILIVYO

Serikali haikutoa bima hii bure. Iliweka sharti kubwa, na sharti hilo si la mtu mmoja, ni la mji mzima. Mji au wilaya hapana budi ikubali kwanza kufuata kanuni za ujenzi: nyumba mpya isijengwe chini mahali ambapo ramani ya mafuriko inaonyesha hatari, na sakafu iinuliwe kufikia kimo kilichowekwa. Mji ukikataa, hakuna mtu ndani yake awezaye kununua bima hiyo.

Liko na jambo jema. Tangu mwaka 1990, mji unaofanya zaidi ya yale yaliyoamriwa, kama kuchimba mifereji, kuacha ardhi ya kando ya mto bila majengo na kuwaonya watu mapema, hupunguziwa ada ya bima. Punguzo huanza asilimia 5 na laweza kufika asilimia 45. Yaani jembe la jirani yako linapunguza ada yako.

Mji ukiisha kukubali, Serikali haichagui. Nyumba iliyo kando ya mto hupata bima sawasawa na iliyo mbali, ijapokuwa ada hazilingani. Na madhali mwenye nyumba analipa ada yake, hafukuzwi kwa sababu amewahi kudai. Huu ndio uzuri wake mkubwa.

Lakini bima hii ina mipaka, na mipaka hiyo haivukwi. Kwa nyumba ya jamaa mmoja, jengo hulipwa mpaka dola 250,000 na vyombo vya nyumbani mpaka dola 100,000. Tena vyombo hulipwa kwa bei vilivyokuwa nayo siku ile, si bei ya vipya. Kiti kilichotumika miaka 10 hulipwa kama kiti cha miaka 10. Jamaa wakihamia nyumba ya kupanga huku yao ikitengenezwa, kodi hiyo hailipwi. Na kwa kawaida bima huanza kazi siku 30 baada ya kununuliwa, hivyo mtu aliyesikia ngurumo leo asifikiri ataweza kununua leo.

Hata neno “mafuriko” lina maana yake katika hati. Maji hayana budi yafunike ekari 2 au zaidi za ardhi ambayo kwa kawaida ni kavu, au mali za watu 2 au zaidi, yako ikiwamo. Mvua ikipita katika bati lililotoboka na kulowesha kitanda chako, hayo si mafuriko.

BIMA YA KAMPUNI ILIVYO

Katika miaka ya karibuni kampuni zimerudi. Zina hesabu bora za mvua na mito kuliko zamani, na tangu mwaka 2019 benki za Marekani zimeamriwa kuzikubali bima za kampuni zinazotimiza masharti.

Kampuni huweza kulipa zaidi. Mwenye nyumba ya dola 600,000 anaweza kuikatia bima yote. Nyingi hulipa pia kodi ya nyumba ya muda, na kungoja kwake mara nyingi ni siku chache kuliko zile 30. Na mahali pasipo na hatari kubwa, ada yaweza kuwa chini ya ile ya Serikali.

Kasoro yake ni moja, lakini ni nzito. Kampuni huchagua. Yaweza kukukataa tangu mwanzo, na yaweza kukupokea, ikakulipa mara moja, kisha mwaka ukiisha ikakuambia kwamba haitaendelea nawe. Yaweza hata kutoka katika wilaya nzima baada ya mwaka wa hasara. Tena, kampuni ya bima ikifilisika, majimbo ya Marekani yana mfuko wa kuwalipa wateja wake, lakini bima nyingi za mafuriko huuzwa na kampuni zisizolindwa na mfuko huo.

Na mtu aliyeacha bima ya Serikali kwa kufuata bei nafuu ya kampuni, akitaka kurudi, hurudi kama mgeni. Kama alikuwa na ada ya chini kwa sababu ya kukaa miaka mingi, anaweza kuipoteza.

TULINGANISHE

Chukua nyumba ambayo kuijenga upya ni dola 400,000, na maji yameiharibu yote. Serikali italipa dola 250,000, na mwenyewe atatafuta 150,000. Kampuni, kama alikata bima kamili, itatoa dola 400,000, ukiondoa sehemu ya kwanza ya hasara ambayo hati yasema mwenyewe ataibeba. Mwaka huo, aliye na kampuni ndiye aliyeshinda.

Lakini mto haufuriki mara moja tu. Hesabu ya wataalamu wa Marekani yasema kwamba nyumba iliyo katika eneo la hatari ina nafasi moja katika 100 ya kufurika kila mwaka. Yasikika kama jambo dogo. Lakini katika miaka 30, ambayo ndiyo muda wa kawaida wa mkopo wa nyumba kule, nafasi hiyo hufika kama 1 katika 4. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1973 yalazimisha mwenye mkopo wa benki katika eneo hilo awe na bima ya mafuriko, maana nyumba ndiyo rehani. Mtu huyu hatafuti tu atakayemlipa mwaka huu. Yampasa atafute atakayekuwa bado yupo mwaka wa 20.

Basi twaweza kusema hivi: kampuni huahidi kingi kwa yule imtakaye, Serikali huahidi kiasi kwa kila mtu.

Wala usidhani kwamba mfuko wa Serikali hauna mwisho. Tufani ya Katrina ya mwaka 2005 ilileta madai ya kama dola bilioni 16, kuliko ada zilizokusanywa, na mfuko ukakopa kwa Hazina. Mwaka 2017 Bunge lilifuta deni la dola bilioni 16, na hata hivyo deni la zaidi ya dola bilioni 20 likabaki. Sababu mojawapo ni kwamba kwa miaka mingi watu wengi walitozwa ada ndogo kuliko hatari yao, na nyumba zile zile zilifurika, zikajengwa pale pale, zikafurika tena. Mwaka 2021 Serikali ilibadili hesabu ili ada ifuate hatari ya kila nyumba, na ada za wengi zikapanda. Bima ya bei rahisi isiyolingana na hatari ni deni alilowekewa mtu mwingine.

NA SISI JE?

Sisi hatuna bima ya Serikali ya nyumba dhidi ya mafuriko kama ile ya Marekani. Lakini jambo la Serikali kushirikiana na kampuni si geni hapa. Mwaka 2015 ilianzishwa bima ya mifugo katika sehemu kavu za kaskazini, ambayo ililipa kwa kutazama hali ya malisho katika picha za setilaiti. Mwaka 2016 ikaanzishwa bima ya mazao, Serikali ikisaidia sehemu ya ada. Kwa nyumba, ziko kampuni zinazouza bima, na katika hati nyingine mafuriko yamo, katika nyingine hayamo.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi au kidole gumba, uliza maneno haya, na utake uonyeshwe majibu ndani ya hati, si kwa mdomo:

1. Je, neno mafuriko limeandikwa? Na maana yake ni nini: mto kufurika tu, au hata maji ya mvua yanayoteremka kutoka mlimani?

2. Kiwango cha juu cha kulipwa ni shilingi ngapi, na sehemu ya kwanza ya hasara nitakayobeba mwenyewe ni ngapi?

3. Vyombo, ghala na mavuno yaliyomo ghalani yamo, au ni kuta na paa tu?

4. Bima huanza kazi siku ya ngapi baada ya kulipa?

5. Nikidai mwaka huu, mwakani mtanipokea tena, na kwa ada gani?

6. Kampuni hii ina leseni? Neno hili usimuulize mwuzaji. Iulize Mamlaka ya Kusimamia Bima, ambayo ndiyo hutoa leseni.

Swali la tano ndilo ambalo watu hulisahau, nalo ndilo ambalo wenzetu wa Marekani wamejifunza kwa gharama kubwa.

Mwisho, kumbuka kwamba hakuna bima, ya Serikali wala ya kampuni, inayozuia maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Inua msingi wa nyumba yako. Weka ghala juu ya nguzo. Safisha mfereji unaopita mpakani mwako, na mshauriane na majirani wote wa mtaro mmoja mwusafishe siku moja, maana mfereji uliozibwa kwa jirani humwagia maji kwako. Usilime mpaka ukingoni mwa mto, kwa kuwa mizizi na nyasi za pale ndizo zinazoshika udongo. Weka hati za shamba na risiti za malipo mahali palipoinuka, ndani ya mfuko usiopitisha maji, na uandike orodha ya vyombo vyako vya thamani. Siku ya kudai, mwenye orodha husikilizwa upesi kuliko mwenye maneno matupu.

Kazi hizi hufanywa wakati wa kiangazi. Hati ya bima nayo husomwa wakati wa kiangazi, mtu akiwa na nafasi ya kusoma kila mstari, na ya kuuliza tena pale asipofahamu.