Mzazi Anaweza Kutambua Utapiamlo kwa Utepe wa Rangi Tatu

Familia inapohama na mifugo kutoka Balambala au Hulugho kutafuta malisho, huenda ikakaa wiki kadhaa bila kumwona mhudumu wa afya. Muda huo unatosha mtoto kudhoofika.

Utafiti uliofanywa Niger, nchi yenye ukame na wafugaji kama Garissa, na kuchapishwa mwaka wa 2016, ulilinganisha akina mama waliofunzwa kupima mikono ya watoto wao na wahudumu wa afya ya jamii. Akina mama walipima vyema sawa na wahudumu. Watoto wao waligunduliwa mapema, na waliohitaji kulazwa hospitalini walikuwa wachache.

Kipimo hiki ni cha watoto wa kuanzia miezi 6 ambao hawajafika miaka 5. Mkono wa kushoto uning'inie bila kukazwa. Utepe uzungushwe katikati ya bega na kiwiko, usibane wala usilegee, kisha rangi isomwe:

• Kijani (sentimita 12.5 au zaidi): mtoto yuko salama, aendelee kupimwa kila mwezi.
• Manjano (11.5 hadi chini ya 12.5): apelekwe kliniki.
• Nyekundu (chini ya 11.5): apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Miguu yote miwili ikivimba, na shimo likibaki baada ya kubonyezwa kwa kidole gumba, mtoto apelekwe mara moja, hata kama utepe unaonyesha kijani.