Klori Inakula Uchafu Kwanza



Kwa kliniki tunaulizwa mara nyingi: «Nilitia dawa ndani ya maji, mbona mutoto anaharisha tena?» Jibu liko ndani ya bidoni.

Klori haichagui. Munaijua siku ya kufua: javeli inaondoa doa la ndizi kwa shuka nyeupe, kwa sababu inavunja ile rangi, karibu kama moto unavyokula kuni. Wenye elimu wanaita kazi hiyo oksidesheni. Ndani ya maji inavunja majani yaliyooza, mavi, mukojo, na mikrobi pia. Sasa, kama maji ni machafu, nguvu yake inaishia kwa majani na mavi, na mikrobi ya kolera inabaki nzima. Mikrobi zingine zinajificha ndani ya udongo, dawa haizifikii.

Kwa hiyo musafishe maji kwanza. Muache bidoni itulie mpaka udongo ushuke, mumimine polepole yale ya juu, muyapitishe katika kitambaa safi kilichokunjwa mara ine. Ndipo mutie dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Maji yakiwa bado na ukungu, mutie mara mbili. Mutikise, mufunike, mungoje dakika 30. Si dakika 5! Hata sombe haiivi mara moja ukiwasha moto.

Kisha munuse. Harufu kidogo ya klori ni habari njema: uchafu umekwisha na dawa imebaki. Harufu ikikosa, murudilie kipimo, mungoje dakika 15 tena. Ikikosa bado, yale maji si ya kunywa, mutafute mengine.

Goma, mwaka 1994, kolera iliua maelfu ya wakimbizi karibu na ziwa Kivu. Maji yalikuwa mengi, maji safi ndiyo yalikosa. Baadaye watu wa Goma walizoea kutiliwa klori ndani ya bidoni kwa sindano, pale pale ziwani. Mwendo wa kurudi nyumbani unahesabiwa katika zile dakika 30.

Javeli yenye manukato au sabuni isitiwe katika maji ya kunywa. Musiichanganye na ndimu wala siki, inatoa hewa ya sumu. Chupa ikae kivulini, imefungwa, kwa maana jua linaua dawa.

Na mutoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji haya hata yakiwa safi: mumunyonyeshe tu.